Mfuko wa Dawa Uliouzwa Mnadani

Old Moshi,
Jumatano jioni

Dada Zuhura,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana ukiisoma umesimama jikoni utaunguza ugali wa watu. Hujambo? Magoti ya Mama yanasemaje na baridi ya mwezi huu? Shemeji amemaliza kuvuna alizeti, au bado anangoja trekta la wenzake? Na yule mbuzi wenu mwenye kiburi, bado anaingia dukani kwa jirani kama mwenye duka? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillah. Ni moyo ndio umechoka, na ndio ninaotaka kukueleza habari zake.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Dada, unajua vizuri kwamba simu ya nyumbani kwetu huwekwa sauti ya juu, Mama akasikiliza na majirani wawili wakamsaidia kusikiliza. Haya ya leo sitaki yafike huko kabla hayajapita kwako. Nitaituma kwa basi, shemeji aipokee stendi pale Kondoa, na tafadhali asiifungue njiani. Namjua.

Nikuanzie mbali kidogo ili uelewe. Hapa kituo cha afya mimi ndiye mfamasia peke yangu, funguo za stoo zinalala kwangu. Masika yaliyopita nilikuwa napita njia ya migombani nikamkuta baba mmoja amechuchumaa kando ya mfongo. Mfongo ni mfereji wa maji, huku unapita shambani kwa kila mtu. Alikuwa anamimina vidonge majini, rangi zote, kama anayelisha kuku. Nikamsalimia, nikamuuliza anafanya nini.

"Natupa dawa za marehemu mama, aisee. Kuchoma zinanuka, chooni naona vibaya. Nimeona bora maji yaondoke nazo."

Yaondoke nazo kwenda wapi? Maji hayo hushuka mpaka chini kwenye majaruba ya mpunga, Mabogini na Chekereni, na huko kuna watu wanaoyaoga na kuyanywa, na mchele wake tunaupika sisi. Nikaanza kuwauliza wagonjwa dirishani, nyumbani mna dawa gani zilizobaki? Dada, nilichoka. Kila nyumba ina kopo lake. Watoto wao wako Dar, Arusha na kwingineko, na kila Desemba wanapopanda nyumbani kwa Krismasi huwaletea wazee dawa kama wanavyowaletea vitenge. Kuna mzee ana dawa ya macho ya tangu alipoozesha binti wa kwanza, na sasa binti huyo ana wajukuu. Hazitupwi kwa sababu mtoto alizigharimia, wala hazinyweki tena, basi zinakaa tu juu ya kabati zikingoja mtu wa kuzimeza kwa makosa.

Kuziondoa hizo ni kazi yangu. Watu hudhani mfamasia anamaliza kazi akishakukabidhi dawa dirishani, kumbe na zile zisizotumika zinapaswa kurudi kwake. Nazipokea, nazitenga, naziandika kwenye daftari, nazifungia stoo mpaka mfamasia wa halmashauri aje na mashahidi zipelekwe kuteketezwa kwenye tanuru lake. Nikatengeneza sanduku la mbao lenye kufuli. Wiki tatu likapata chupa mbili za dawa ya kikohozi na betri ya redio.

Joyce, muuguzi mwenzangu, mwenyeji wa hapa hapa, akanicheka. "Ukiwataka watu wa huku, usikae unawangoja. Wafuate kanisani." Nikaandika tangazo, mwinjilisti wao akalisoma Jumapili mbili mfululizo: kila mwenye dawa zilizobaki azilete Jumapili inayofuata, na mfamasia atakuwepo mlangoni na sanduku kuzipokea. Mfamasia atakuwepo mlangoni. Niliyaandika maneno hayo kwa mkono wangu.

Sasa dada, hapa ndipo nakuomba usome polepole. Jumapili ile nilifika mapema. Nilikuwa nje ya uzio wa kanisa, chini ya mti wa kahawa, sanduku mapajani, tangu wanaimba. Sikuingia. Niliona akina mama wamejaa na vitambaa vyao vyeupe, nikajitazama mimi na mtandio wangu, nikawaza nikipita lango hilo watu wote watageuka, na yupo atakayesema huyu amekuja kutafuta nini. Hakuna aliyewahi kuniambia neno baya huku, Mungu anajua. Ni aibu yangu tu, ile ile uliyonichapia nilipokataa kusoma shairi mbele ya mgeni rasmi. Nikajiambia, ngoja watoke, watawanyike, nitawafuata mmoja mmoja.

Kumbe wao wana utaratibu ambao mimi sikuujua. Asiyekuwa na fedha huleta sadaka ya mazao: mkungu wa ndizi, mayai, parachichi, kuku. Vinapelekwa mbele, vinaombewa, kisha ibada ikiisha vinanadiwa uwanjani. Na mtu akinunua, mara nyingi hajinunulii yeye. Atainua mayai aseme, haya nampa bibi fulani, na watu watapiga vigelegele. Ni jambo zuri, sikatai.

Siku hiyo mwinjilisti aliyesoma tangazo alikuwa ametumwa kuhudumu mtaa mwingine. Watu wamekuja na dawa zao kwenye vifuko, mlangoni hawakumkuta mtu wala sanduku. Wakaingia nazo. Ulipofika wakati wa sadaka, mama mmoja akaona asirudi na mzigo, akaenda mbele akauweka karibu na ndizi. Wa pili akamfuata, kisha wote. Wazee wa kanisa wakazikusanya kwenye mfuko mmoja mkubwa. Zikaombewa. Na mzee wa kanisa anayeendesha mnada, Mzee Elisante, akaona ndivyo nilivyopanga na mchungaji. Aliyeshangaa alinyamaza, maana kitu kikishafika madhabahuni nani atakitoa?

Mimi nilimsikia, dada. Nilikuwa nyuma ya uzio nikamsikia anapaza sauti, "Nani anaongeza kwa uzima? Mayai yanaisha, huu ni uzima, nani anaongeza?" Watu wakacheka, na mimi kwenye kahawa nikacheka, nikadhani anamsifia jogoo.

Uwanja ulipopungua watu ndipo nikaingia. Nikamwamkia Mzee Elisante, nikamuuliza dawa ziko wapi nizipokee.

"Mbona umechelewa hivyo, binti yangu? Zimeshanunuliwa. Mwalimu amezinunua, amemzawadia shangazi yake, Bibi Ndeonasia. Ameshapanda nazo kwake."

Naye akaniona nilivyobadilika, akauliza kwa upole kimenichelewesha nini. Nikasema pikipiki iliharibika mlimani. Lilitoka lenyewe, hata sikulitafuta.

Nikampitia Joyce, tukapanda kwa Bibi Ndeonasia. Ni mjane, anaishi peke yake na ng'ombe mmoja wa maziwa, nyumba yake ni ya mwisho kabla njia haijaanza kuwa ya kondoo. Mwembamba, amenyooka, meno yote yapo. Hakutuacha tuseme neno mpaka kila mmoja ana bakuli la mtori mkononi. Nikamweleza: dawa hizi ni za watu mbalimbali, nyingine zimekwisha muda, nyingine ni za ugonjwa usio wako, ukinywa zitakudhuru.

"Zimewekwa madhabahuni," akasema. "Zimeombewa na mchungaji. Halafu wewe unasema zitanidhuru."

"Bibi, sala ni sala na dawa ni dawa."

"Kwenu huwa mnaombea nini, basi?"

Joyce alinikanyaga mguu chini ya meza. Akaanza yeye, kwa Kichagga, polepole, huku anamsifia ng'ombe. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe bibi akainuka akaleta mfuko, akaniwekea miguuni kama anayerudisha posa. Nikamshukuru mara saba. Tulishuka tunacheka, Joyce akisema nikaswali rakaa mbili za shukrani.

Kituoni nikaumwaga mfuko mezani. Dawa za presha, vidonge vya malaria nusu dozi, chupa zisizo na vifuniko, hata dawa ya minyoo ya ng'ombe ilikuwemo. Na chini kabisa pakiti ndogo ya karatasi, ile tunayofungia vidonge dirishani, yenye mwandiko wangu mwenyewe: kimoja asubuhi baada ya kula. Ilikuwa ya mzee mmoja wa sukari aliyefariki wakati wa masika. Pakiti ilikuwa tupu.

Nikampigia binti wa marehemu. Akasema, "Niliileta ikiwa nusu, dada. Tena niliikunja vizuri."

Vidonge hivyo hushusha sukari mwilini. Mwenye ugonjwa humsaidia. Mzee asiye na ugonjwa huo, tena anayekula kidogo kama Bibi Ndeonasia, vinaweza kumuua. Hilo nilijua tangu chuoni. Na bado nikatazama nje nikaona ukungu unashuka, nikajiambia vitakuwa vimemwagika njiani, nitapanda kesho. Mara ya pili hiyo, dada, siku moja.

Jumatatu alfajiri tulipanda bila hata chai. Nilimsikia ng'ombe kabla sijaiona nyumba, alikuwa analia kwa maumivu ya kiwele kilichojaa maziwa. Joyce akasema, "Bibi huyu hajawahi kuchelewa kukamua," akaanza kukimbia.

Tulimkuta nyuma ya zizi, ameketi juu ya majani aliyoyakata, mundu bado uko mkononi. Asubuhi ya baridi ile gauni lake lilikuwa limelowa jasho. Alikuwa anazungumza, lakini si na sisi.

"Anasema nini?"

"Anamwambia mumewe afunge zizi," Joyce akasema. Mumewe ana miaka mingi kaburini, hapo hapo migombani.

Joyce akamtoboa kidole, akaweka damu kwenye kipimo. Akanionyesha namba bila kuitamka. Nikaingia jikoni kutafuta sukari, hakuna. Bibi huyu hunywa chai ya maziwa bila sukari, ndiyo maana meno yote yapo. Nikakimbia kwa jirani wa chini nikapiga mlango kama mwizi, nikarudi na sukari kwenye kanga. Tukampaka kwenye fizi, kidogo kidogo, Joyce amemshika kichwa asije akapaliwa. Nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua na nikakosea Ayatul Kursiy, mimi niliyekuwa nawasahihisha wenzangu madrasa.

Alirudi. Akanitazama, akasema, "Mtoto wa watu, umekula?" Nililia hapo hapo kwenye mbolea.

Lakini dawa ile haiishi haraka mwilini. Mwalimu na vijana watatu walimteremsha kwa machela ya miti na blanketi mpaka barabara inapofikia gari, na kabla hatujafika alikuwa ameanza kuzama tena. Kituoni tulimwekea dripu, akapelekwa hospitali mjini. Mwalimu aliketi kwenye benchi letu ameshika kichwa. "Nilimnunulia kwa upendo," alikuwa anasema. "Nilimwambia, shangazi, hizi ni za miguu yako." Bibi naye, katika mfuko mzima, akachagua vile vyeupe vidogo, kwa kuona kidogo hakiwezi kuumiza. Alikunywa viwili Jumapili baada ya sisi kuondoka, bila kula, kwa sababu baraka hupokelewa kwa kufunga.

Jumanne nilishuka hospitali. Alikuwa macho, amechoka, anawagombeza wauguzi kuhusu uji wao. Nikamuuliza vidonge vingine viko wapi. Akafungua pindo la kanga akanipa vitano.

"Na vilivyobaki, bibi? Pakiti ilikuwa nusu."

"Niligawa. Pale pale uwanjani, kabla hujafika. Baraka hailiwi peke yako."

"Ulimpa nani?"

"Watu watatu."

"Nani na nani?"

Akafunga tena pindo la kanga. Nikamwomba, nikamsihi, nikamweleza kwamba wanaweza kulala wasiamke. Akaniuliza, "Unasikia wanavyomwita Elisante huko juu? Wanamwita muuza sumu. Mzee mzima, amenadi mayai ya kanisa hilo tangu ana nywele nyeusi. Nikiwataja hawa watatu wataitwa nini? Watumie salamu wavitupe. Majina sitoi."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Dukani, kisimani, kwenye kikundi cha simu cha mtaa, kila mahali ni Mzee Elisante. Wanasema aliona fedha hakuona watu. Wanasema avuliwe uzee wa kanisa. Mtu mmoja alikataa kumpa mkono mbele yangu. Na unajua yeye alisema nini kunihusu? Joyce ndiye aliyeniambia. Alisema, "Msimguse mfamasia. Yule binti alitaka kuja, ni pikipiki iliyomwangusha."

Nilipeleka salamu kila nyumba tuliyoweza. Nikabandika karatasi getini: mwenye vidonge vyeupe vidogo avilete, hataulizwa kitu. Jumatano hakuja mtu. Alhamisi pia. Bibi alirudi nyumbani akakamua ng'ombe wake, na watu watatu nisiowajua walikuwa na vifo vyao mfukoni wakingoja goti liume. Kila nikisikia mlango wa kituo unagongwa nilijua ndiyo maiti ya kwanza inaletwa. Sikuwa nakula. Joyce aliniletea kiburu, ndizi zao za maharage, kwa kopo akakikuta asubuhi kama alivyokileta.

Nilikwenda kwa mganga mfawidhi, bosi wangu, nikamweleza ukweli wote, hata wa uzio. Si mtu mbaya. Alivua miwani akasema, "Tangazo lako halikusema wauze. Kosa ni lao. Kaa kimya, litapita. Ukijitwisha hili wewe, halmashauri watakuandikia barua, na mimi sina mfamasia mwingine."

Nikakaa kimya siku moja nzima. Halafu nikaona, dada, jambo ambalo mtoto mdogo angeliona. Watatu wale wananyamaza kwa sababu wanaogopa kutukanwa kama Mzee Elisante. Mzee Elisante anatukanwa kwa sababu mimi nina pikipiki iliyoharibika. Basi pikipiki ile ndiyo ingewaua.

Jumapili iliyopita niliingia kanisani. Joyce alinishika mkono tangu langoni, la sivyo ningerudi. Ndiyo, waligeuka wote. Bibi mmoja akasogea akanipa nafasi, akanipa na pipi. Wakati wa matangazo mchungaji akaniita mbele. Nilikuwa nimeandika karatasi nzuri, nikaiacha kwenye benchi.

Nikasema, "Shikamooni wazazi wangu. Pikipiki haikuharibika. Sikupanda pikipiki yoyote. Nilikuwa hapo nje, chini ya kahawa, na sanduku langu, tangu wimbo wa kwanza. Niliona aibu kuingia. Nilimsikia Mzee Elisante ananadi, nikacheka. Mngenikuta mlangoni kama nilivyoahidi, dawa zisingefika mbele. Na jioni nilipojua zipi hazipo, nikangoja asubuhi. Aliyemponza bibi ni mimi. Mzee alifanya kazi yake, mimi sikufanya yangu. Nawaomba radhi, na namwomba radhi yeye."

Nilitaka ardhi inimeze na hiyo nayo ikakataa.

Halafu Bibi Ndeonasia akasimama, benchi la pili. "Wewe ulichelewa," akasema. "Mimi nilificha kwenye kanga huku nakupa mtori. Huyu aliuza, na huyu mtoto wa kaka yangu alinunua. Tumeshamaliza kugawana, sasa tuvitafute. Mama Anaeli, nilikupa. Mama Elirehema, nilikupa."

Mama Anaeli akafungua Biblia yake, vilikuwa humo, vimefungwa kwenye leso. Alikunywa kimoja Jumatano akaona giza, akadhani ni jua. Mama Elirehema akaanza kulia, akasema viko nyumbani chini ya mto, alikuwa anasubiri mwezi mpya aanze. Joyce alitoka naye papo hapo.

"Na wa tatu?" nikauliza.

Bibi alimtazama Mzee Elisante, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, si kwenye kiti chake cha wazee. Mzee akainuka. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi.

"Sikunywa hata kimoja," akasema. "Nilikuwa nimeshaambiwa nauza sumu. Nikaona wakinikuta navyo watasema nilijiwekea vingine. Kila siku nilivileta mpaka getini kwenu, binti. Nilikuwa nawaona mko ndani. Nikawa narudi."

Nilimfuata mpaka nyuma, nikaipokea karatasi yake kwa mikono miwili. Mchungaji alitangaza wimbo, waimbaji wakakosea kuuanza.

Dada, usidhani yameisha. Mganga mfawidhi amenipa barua, nimeambiwa niandike maelezo kwenda halmashauri, nimeandika kila kitu. Huenda watanihamisha, huenda watanifanyia zaidi. Nakueleza ili siku ukisikia usishtuke, na ili usikie kwangu. Naogopa. Lakini nakula.

Na jana asubuhi Mzee Elisante alikuja kituoni, safari hii akaingia. Amevaa koti lile lile. Amekata majani mawili ya sale, mmea ambao huku ukikosana na mtu ukamwendea nao hawezi kukufungia mlango. Moja akanipa mimi. Akasema bado kuna makopo juu ya makabati, na baada ya yaliyotokea hakuna atakayeyaleta mahali popote, si kanisani wala kwenye sanduku. "Watayatupa kwenye mfongo usiku," akasema. "Tuyafuate wenyewe. Mimi najua nyumba zote."

Nikabeba sanduku. Tulianzia nyumba ya kwanza ya bondeni. Yeye akapiga hodi, mama akatoka anafuta mikono, akamwona, uso ukajikunja. Mzee akavua kofia, akainua jani lake.

"Hodi, mama. Mimi ndiye niliyeuza."

Kisha akanitazama, akangoja. Nyumba ya kwanza sauti haikutoka, dada. Ya pili ikatoka.

"Na mimi ndiye niliyechelewa. Tumekuja kuchukua dawa zilizobaki."

Mpaka jua linakaa kichwani tulikuwa tumelisema mara kumi na tisa, na sanduku limejaa, na nyumba ya ishirini hawakungoja tumalize, walikuwa wameshalitoa kopo nje.

Nisalimie Mama, mpe mkono kwa niaba yangu. Msomee barua hii yote, na majirani wakiwepo wasome pia, nimebadili mawazo. Dawa za marehemu Baba zilizobaki usizichome wala usizitupe, mpelekee mfamasia wa hospitali hapo mjini, mwambie ni mimi niliyekutuma. Nisalimie shemeji, mngoja basi na trekta la wenzake. Nisalimie Mjomba Ramadhani fundi cherehani, na Bibi mzaa mama, mwambie nimeonja ndizi za aina saba na bado ugali wake uko juu. Wabusu wanao, yule mdogo mara mbili.

Kesho tunapanda upande wa juu, kwa Bibi Ndeonasia na kuendelea. Mzee amesema nianze mimi kupiga hodi.

Mdogo wako,
Mwanaidi